Magunia Mawili ya Treni

Mwezi uliopita nilialikwa chakula cha mchana kwa daktari mmoja wa meno pale Kitale, mtu mcheshi aliyeishi ng'ambo miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani kujenga. Tulipomaliza kula alitupeleka kwenye chumba cha nyuma, akawasha taa, akasimama pembeni kama mtu anayefunua keki ya harusi. Chumba kizima kilikuwa treni. Vichwa vyeusi vya kung'aa visivyozidi urefu wa kiganja, mabehewa yenye madirisha ya kioo, madaraja, stesheni, hata abiria wadogo kama punje za mchele wakingoja na mizigo yao. Wageni wakaanza kubahatisha ziko ngapi. Daktari akatikisa kichwa kwa unyenyekevu ambao haukuwa unyenyekevu.

"Hizi bado ni chache," akasema. "Kuna wenzangu wamejaza nyumba nzima, mpaka bibi analala sebuleni."

Watu wakacheka. Mimi uso ulipata moto, nikatoka nje kupunga hewa.

Wewe unanijua, na najua utauliza: mtu mzima anaonea haya vitu vya kuchezea vya mtu mwingine kwa nini? Sogeza kiti basi.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Aliajiriwa kwenye stesheni ya Kitale akiwa kijana, wakati treni ya abiria bado ilipanda kutoka Eldoret. Nilipopata akili, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, abiria walikuwa wamekwisha na nyasi zilikuwa zimefika magotini katikati ya vyuma. Baba alirudi kwenye shamba letu nje ya mji, akalima mahindi kama kila mtu. Lakini jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, aliketi barazani na mkasi wa bati akaunda treni.

Aliziunda kwa mikebe. Mkebe wa mafuta ya kupikia, ukilazwa, ulikuwa tangi. Mkebe wa majani chai ulikuwa behewa la abiria. Vifuniko vya soda vilikuwa magurudumu, na vijiti vya magurudumu ya baiskeli vilikuwa ekseli. Kazi yangu ilikuwa kusugua mikebe kwa jivu na mchanga mpaka maandishi yatoke, na mikono yangu ilinuka kutu hata wakati wa kula. Bado nasikia ule mkasi ukitafuna bati, na mama jikoni akikoroga mboga ya murenda, na redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo. Nilikuwa napenda saa ile kuliko saa nyingine yoyote ya siku, ingawa shuleni nilisema baba anatengeneza taa za kibatari. Wenzangu walikuwa na baba wenye trekta, au wanaouza maziwa. Sikujua ningeanzia wapi kueleza wa kwangu.

"Wanaume wengine wanajaza gunia mahindi," mama alizoea kusema, akipita na ndoo. "Huyu wangu anajaza mikebe."

Angeacha, nadhani, kama si rafiki yake wa Bungoma. Walitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo hawakuitana majina bali bakoki, na wote wawili waliingia reli mwaka mmoja, baba akapelekwa Kitale na mwenzake akabaki kwenye njia kuu pale Bungoma. Naye alirudishwa nyumbani, naye akaanza kuunda treni za mikebe. Nani alimwambukiza mwenzake, hawakuwahi kukubaliana. Kila Jumapili jioni walipigiana simu, baba akisimama juu ya jiwe karibu na zizi ambako mtandao ulishika. Kwenye simu baba hakusema ana treni ngapi. Walishindana kwa urefu, na sharti lilikuwa moja: mabehewa yote yaungwe, yavutwe kwa kamba moja, na lisianguke hata moja. Sauti ya rafiki yake ilikuwa kubwa hata nikaisikia nikiwa nimekaa chini ya jiwe.

"Bakoki, yangu imetoka mlangoni, imefika kwa mpera," baba angesema.

"Mpera? Yangu ilipita mpera kitambo, bana! Saa hii iko kwa choo."

"Choo yako si iko karibu na nyumba, hata harufu tunajua."

"Wacha wivu! Ngoja Krismasi. Itazunguka nyumba yote, kichwa iume mkia."

Baba angecheka, kisha angeketi barazani hadi giza, akikata bati kwa haraka ya mtu anayefukuzwa. Kila treni ya Bungoma iliporefuka kwa maneno, ya kwetu ilirefuka kwa bati. Ikapita mpera. Ikapita choo. Ikafika zizini, ng'ombe wakaiogopa. Mama alilalamika kwamba hana mahali pa kuanikia mahindi.

Kisha, Desemba moja, baba akatangaza kwamba tunakwenda Bungoma kuona kwa macho. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la sita, na safari ile ilikuwa zawadi yangu. Tulizifungasha treni kwenye magunia mawili, tukizikinga na maganda makavu ya mahindi zisibonyee, tukashindilia maganda hadi mdomoni. Mama naye alijaza gunia lake. Mahindi meupe, yaliyopepetwa, mdomo umeshonwa kwa katani, akaliegemeza mlangoni.

Hilo la mama halikuhitaji maelezo. Kwetu mtu hatoki Kitale kwenda kuwaona watu wa Bungoma mikono mitupu, tena Desemba, mavuno yakiwa ndani. Kitale ndiyo ghala. Gunia likishuka kutoka gari la Kitale, hakuna anayeuliza limebeba nini.

Jirani aliyetupa lifti alikuwa na pikapu ya viazi aliyokuwa akiishusha Bungoma kwa njia ya Kimilili. Alitazama mizigo yetu akakuna kidevu.

"Gunia mbili peke yake, mzee. Ya tatu ikipanda, viazi yangu itafika ikiwa uji."

Baba alisimama. Nilimwona akiangalia gunia la mama, kisha yale mawili.

"Mahindi yatafuata wiki ijayo," akasema.

"Mtu anaenda kutembelea watu na mikebe?" mama akauliza. Hakupaza sauti.

"Si ndiyo kitu tumepatana na bakoki, mama?"

Mama alishika gunia lake masikio mawili akalikokota kurudi ndani. Mkokoto ule juu ya sakafu ya udongo ulikuwa mrefu, na baba aliuangalia ukiisha ndipo akapanda gari.

Boma la rafiki yake lilikuwa upande wa Myanga, na miwa ilikuwa imelizunguka hadi ukutani. Shamba lote lilikuwa miwa. Ilikuwa imekomaa, imeinama, ikingoja malori ya kuibeba kiwandani ambayo hayakuwa yamekuja. Jirani alishusha magunia yetu barazani akaondoka na viazi vyake. Mzee mwenye boma akatoka mbio, mwembamba, amevaa koti lake la reli lenye vifungo vya shaba.

"Mulembe, bakoki! Mulembe, mayi!" Aliniita mayi, mama mdogo, na kunishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Ati huyu ndiye alikuwa analia akiona injini? Amekuwa mtu!"

Tukaketi. Mkewe alituletea chai ya rangi, na baada ya chai hakuna kilichofuata. Mtoto hupima nyumba kwa tumbo lake. Nilitazama jikoni kupitia mlango wa nyuma. Hapakuwa na moshi. Nikaona msichana wa kimo changu akitoka na sahani tupu kuelekea kwa majirani, na baadaye akirudi, sahani imefunikwa kitambaa, akitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Baba hakuona. Macho yake yalikuwa yanatafuta treni.

"Haya, bakoki. Iko wapi hiyo inazunguka nyumba?"

Mzee alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikwenda kwenye kabati, akaondoa kitambaa cha kufuma. Chini yake palikuwa na kichwa kimoja cha treni, kizuri, kimepakwa rangi nyekundu iliyochakaa, na mabehewa matatu.

"Ndiyo hii," akasema.

"Na zingine?"

"Hakuna zingine. Wewe ulikuwa unasema yako imefika mahali, na mimi naongeza tu. Ningesema nini? Mikebe utatoa wapi kama hununui kitu inakuja kwa mkebe?"

Kuku alipita mlangoni. Nilimwangalia baba, nikingoja acheke, aseme twende barazani nikuonyeshe. Ushindi wa miaka yote ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kiti chake.

"Hata yangu ni hizo hizo, bakoki," akasema. "Tatu, nne. Na mimi nilikuwa naongeza."

Mzee alimtazama, na uso wake ukalegea. Wakaanza kucheka pamoja, wakipigana mabega, wakiitana waongo. Sijawahi kumpenda baba yangu kama nilivyompenda dakika ile.

Ndipo tukasikia kigelegele barazani.

"Jamani kujeni! Watu wa Kitale wameleta mahindi! Gunia mbili!" Alikuwa mama mwenye nyumba. Ameona magunia, ameona maganda yakichungulia mdomoni, akadhani ni mahindi ambayo hayajapukuchuliwa. "Mama wa pale, leta gorogoro! Na wewe pia, kuja na yako! Leo hakuna mtu atalala na uji!"

Baba aliruka. Lakini majirani walikuwa karibu, na njaa ina miguu. Tulipofika barazani wanawake walikuwa wamesimama pale kila mmoja na gorogoro yake mkononi, ule mkebe wa kilo mbili ambao kwetu hupimiwa nafaka, na mama mwenye nyumba alikuwa ameinama akalishika gunia kwa nguvu za mtu anayetarajia uzito. Likaja jepesi. Nusura aanguke nalo kinyumenyume. Kamba ikakatika, maganda yakamwagika, na nyuma ya maganda, kwa kelele ambayo sidhani imekwisha masikioni mwangu, zikamwagika treni.

Tangi likabingiria hadi kwenye miguu ya mwanamke mmoja mnene. Akaliangalia. Akaangalia gorogoro yake.

"Aka! Sisi tumekuja na mikebe," akasema, "kumbe nyinyi mmetuletea zingine."

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, bila haraka, wakificha mikebe chini ya leso kana kwamba aibu ni yao.

"Mahindi inakuja," baba alisema. "Iko nyumbani. Imefungwa tayari." Alikuwa akimwambia mama mwenye nyumba, lakini akiziangalia treni. "Gari ilijaa, mama. Gari ilijaa."

Mama yule alijipangusa maganda kwenye gauni. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya kawaida kabisa, na ndiyo maana ilituumiza.

"Si mmefika salama? Ingieni mkule."

Tukala. Ulikuwa ugali mdogo sana, na msichana wa kimo changu alisema ameshiba kabla hajanawa. Baba alishika tonge lake hadi likapoa.

Alipotoka nje, mzee alikuwa ametangulia. Alikuwa amepiga magoti katika vumbi akiunga mabehewa ya baba, moja kwa jingine, kimya, kwa ustadi wa mikono iliyofanya kazi ile na vyuma vikubwa. Mbele ya yote akaweka kichwa chake chekundu na mabehewa yake matatu. Treni ikatoka mlangoni, ikapita jikoni kusiko na moshi, ikazunguka nyumba, na behewa la mwisho likaja kusimama nyuma ya kichwa. Akavuta kamba. Yote ikaenda, wala halikuanguka hata behewa moja. Watoto wa majirani wakapiga kelele za furaha.

"Imeuma mkia, bakoki," mzee akasema.

Baba hakuinua macho. Kitu alichokitamani kwa miaka kilikuwa kinapita mbele yake kikilialia, na yeye alikuwa anaangalia viatu vyake.

Wiki iliyofuata alipeleka mahindi, magunia mawili, moja juu ya lile la mama. Walimpokea vizuri, wakamchinjia kuku. Lakini treni hakuzirudisha nyumbani, na hakuunda nyingine tena. Jumapili jioni simu ililia kama kawaida, ila sasa waliulizana mvua na watoto, wakamaliza haraka. Mikebe ya nyumbani mama akaipandia vitunguu. Mimi nililala mapema jioni zile, kwa sababu baraza bila mkasi lilikuwa na kimya ambacho sikujua nikifanyie nini.

Wazee wote wawili wamekwenda sasa. Reli ya Kitale imefunikwa na majani hata huwezi kuonyesha mtoto ilikopita. Gorogoro siku hizi ni za plastiki. Niliambiwa na yule msichana wa kimo changu, ambaye sasa ana watoto wake, kwamba treni ziliisha polepole: kutu, mvua, mnunuzi wa vyuma chakavu, na moja moja mama yake alizikunjua akapimia maharagwe. Nilifurahi kusikia hilo la mwisho, kisha nikaona haya kwa kufurahi.

Basi siku ile nilirudi ndani kwa daktari. Alikuwa ameambiwa na mtu kwamba baba yangu naye alikuwa na treni zake, akanijia akitabasamu, glasi mkononi.

"Kumbe ni damu moja! Mkusanyiko wa mzee ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Gunia mbili," nikasema.

Alicheka sana. Akawaita wengine wasikie, treni za kupimwa kwa gunia. Nikawaacha wacheke, macho yangu yakiwa kwenye wale abiria wadogo kama punje za mchele, wamesimama stesheni na mizigo yao, na nikajikuta nikitazama kama kuna aliyebeba mahindi.