Kidude Chenye Alama ya Kijani

Mwaka ule tulikula magimbi asubuhi na magimbi jioni, maana maji ya mto yalilala shambani na mahindi yakaoza yangali machanga. Ukiona nyumba inasonga ugali mchana, ujue ina mgeni au ina mtoto mwenye kazi. Mimi nilikuwa na mjukuu mwenye steshenari Kilosa mjini, kompyuta mbili na mashine ya fotokopi, na sikuona haya kujisifu. Mimi niliishia darasa la tatu. Yeye anawaandikia watu barua za kazi na kuwatumia maombi yao, hata wazee wanamwita mwalimu.

Kila siku nilikaa mlangoni kwake na beseni langu la magimbi ya kuchemsha. Watu waliniuliza mimi kwanza kama humo ndani mambo yanakwenda sawa. Nikawajibu, "Ingia. Huyo ni damu yangu." Hilo ndilo lilikuwa bango la duka.

Siku hiyo akaja mama wa maziwa na binti yake. Ni wafugaji wa kutoka kanda ya ziwa, wanakaa upande wa Chanzuru. Miaka yote ananiletea maziwa na hajawahi kuyatia maji. Binti alikuwa anaomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja huko Mikumi, ameshika mfuko wenye vyeti, picha na kitambulisho cha taifa. Mama mtu akasimama kwenye ngazi, hapandi wala harudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umesimama kama ng'ombe aliyeona daraja?"

Akacheka. "Naogopa mashine, mama. Nasikia zinaibia watu."

"Zinaibia watu wa Dar. Hii ni ya mjukuu wangu. Mwache mtoto aingie, mimi nipo hapa."

Akamwacha. Vyeti vilikuwa vizito kutuma, kwa hiyo mjukuu wangu akavipitisha kwenye kidude kilichokaa juu kabisa ya kivinjari, cha kupunguza uzito. Nilikijua kwa tiki yake ya kijani. Alishanifundisha kwamba tiki ile inasema kimekaguliwa. Binti akaandika barua pepe yake, neno lake la siri, namba ya kitambulisho, akatoka anacheka.

Kazi akaipata. Mwezi haujaisha, wageni wakaanza kushuka Mikumi na mabegi na watoto, wanatafuta nyumba ya kulala wageni ambayo haipo. Walikuwa wameilipia mtandaoni. Tovuti nzuri, picha za tembo, na chini imepangwa mihuri ya "salama" na "imethibitishwa" kama vifungo vya kanzu. Jina la mwenye nyumba, picha yake, kitambulisho chake, vyote vya binti yule. Wakamkuta mapokezi anatabasamu kama alivyofundishwa. Mama mmoja akamtemea mate usoni. Polisi wakamleta Kilosa, akawekwa ndani.

Mjukuu wangu akamwita fundi wa kompyuta kutoka Morogoro. Fundi alitazama kidogo tu, akavua miwani.

"Bibi, kidude hiki kilikuwa kizuri. Aliyekitengeneza akakiuza. Waliokinunua wakakibadilisha tumbo, kikajisasisha chenyewe, hakuna aliyeulizwa. Sasa kinasoma kila unachoandika humu na kuwapelekea wao."

"Na alama ya kijani?"

"Alipewa mwenyewe wa kwanza."

"Na ile mihuri kwenye nyumba hewa ya Mikumi?"

"Ile ni picha tu, Bibi. Hata wewe naweza kukubandika mgongoni."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Nimewahi kuuziwa nyama hivyo: paja limegongwa muhuri wa bwana afya, limening'inia mbele, na ninayokatiwa mimi inatoka chini ya meza, ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe.

Nikauliza ni watu wangapi wamepita kwenye kompyuta ile. Fundi akavaa miwani yake, akakusanya vyombo vyake.

Fundi alipoondoka, mjukuu wangu akafunga mlango, akafuta kila kitu kilichokuwamo kwenye kompyuta. Kisha akapiga magoti mbele yangu.

"Bibi, mama wa yule binti anasema fomu ilijaziwa hapa. Askari watakuita. Sema hukumwona."

"Na yeye atatokaje?"

"Watamtafutia wakili."

"Wakili wa kulipwa mtindi?"

"Bibi! Wataniweka ndani mimi, na mimi sikujua!"

"Hukujua, kweli. Lakini kufuta umefuta unajua."

Akalia. Nimemlea tangu mama yake alipofariki, hajaota hata jino. Nikamwambia, "Aliingia kwa neno langu. Sitasema hakuja."

Siku mbili hakugusa chakula changu. Wanangu wakapiga simu, mmoja akikata mwingine anaanza: mama kazeeka, mama anaichongea damu yake. Niliwaacha waseme. Siku ya tatu mama wa maziwa akaja na dumu tupu, akakaa kwenye ngazi ya duka. Hakuniamkia. Katika umri huu wangu, hilo halijawahi kunipata, na liliniuma kuliko simu zote.

"Ulisema upo," akaniambia.

Nikafunga khanga, nikaenda kituoni kabla hawajaniita. Yeye nyuma yangu, mjukuu wangu nyuma yake. Askari wa kaunta, kijana mwenye adabu, akanipa kiti na shikamoo yangu.

"Bibi, binti huyu alifika dukani kwa mjukuu wako, au hakufika?"

Mjukuu wangu akaninong'oneza kwa lugha ya nyumbani, ili askari asielewe: "Bibi, mimi ndiye nitakayekuzika."

Nikamjibu kwa Kiswahili, wote wasikie.

"Aliingia kwa neno langu. Sitasema hakuja."