Scolastika Masele: Aliyegoma Kusaini Mfumo Alioulilia Mwenyewe

Saa moja kasoro asubuhi, nje kidogo ya Rwamgasa, vumbi la magari ya zamu ya kwanza bado halijatulia. Ndani ya kontena lililotobolewa madirisha mawili na kufungwa feni, Scolastika Masele anavua buti za kazi, anavaa kandambili na kupokea simu kabla hajakaa sawasawa.

"Mwangaluka, mayu," sauti ya mwanamume inamwamkia Kisukuma.

"Mwangaluka. Nani mwenzangu?"

"Wa mzani. Mashine ya kupimia magari imegoma. Foleni imefika barabarani."

"Imegoma kuwaka, au inawaka halafu haionyeshi uzito?"

"Inawaka. Ila inaandika Kizungu."

"Nisomee hicho Kizungu, herufi moja moja. Usiwe na wasiwasi, nipo."

Mwanamume anasoma, Scolastika anaandika kwenye kompyuta. Kabla hajafika mwisho wa sentensi, fundi aliye karibu na mzani ameshapata ujumbe kwenye simu yake na ameanza kwenda. Scolastika anakata, anapokea nyingine.

Ana miaka thelathini na saba, na mgodini hapa wachache wanamwita kwa jina lake. Wengi wanamwita Mama Nelly. Ni mkuu wa dawati la huduma katika kitengo cha TEHAMA cha kampuni inayochimba na kuchenjua dhahabu. Kitu chochote chenye waya kikigoma, kuanzia printa ya ofisi ya mishahara hadi mashine inayosoma kadi za wanaoshuka shimoni, taarifa inapita kwake.

"Watu wanadhani mgodi ni sururu na baruti," anasema. "Siku hizi mgodi ni kompyuta. Kompyuta ikilala, na mwamba unalala."

Namba hii ya simu anayoipokea asubuhi hii ndiyo iliyokaribia kumfukuzisha kazi.

Scolastika alizaliwa Runzewe, kwa baba muuza vipuri vya baiskeli. Alisomea stashahada ya TEHAMA Shinyanga, akarudi na cheti na kukosa ajira, akaishia kwenye duka la kutoa fotokopi hapa Rwamgasa. Wachimbaji wadogo walikuwa wakija kuandikiwa barua na kutafsiriwa ujumbe wa simu. Ndiko alikojifunza, anasema, kumsikiliza mtu ambaye hajui jina la kitu kinachomsumbua.

Alipoajiriwa mgodini alikuta mfumo wa kupokea taarifa za hitilafu uliokwisha kuzeeka. Kila taarifa inapewa namba, wenyewe wanaiita tiketi, na tiketi haifungwi mpaka kitu kipone. Ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Lakini watengenezaji wa mfumo ule walikuwa wameacha kuuhudumia. Umeme ukikatika ghafla, tiketi za nusu siku zinapotea. Mara moja ulilala kutwa nzima, mafundi wakarudia kuzunguka mlango kwa mlango wakiuliza nani ana shida.

"Mimi ndiye niliyeupigia kelele," anasema. "Miaka mitatu, kila kikao cha bajeti, nilikuwa nasimama. Nikasema jamani, tuhamie toleo jipya kabla hili halijatuzikia kazi. Mpaka wakawa wakiniona nanyoosha mkono wanacheka."

Mwaka jana kampuni ikakubali. Toleo jipya likanunuliwa, wataalamu wakaja kufundisha, na Scolastika akavaa gauni lake la kanisani siku ya kwanza ya mafunzo. Furaha yake ilidumu mpaka mchana.

Toleo lile lilikuwa zuri. Halikupoteza kitu, lilikuwa jepesi, lilimkumbusha fundi aliyesahau. Lakini lilivyopangwa, taarifa ingepokelewa kwa njia moja tu: mtu afungue akaunti yake kwenye simu janja au kompyuta, kwa barua pepe ya kampuni. Namba ya simu ya dawati ingezimwa. Kampuni ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya mia sita. Waliokuwa na barua pepe ya kampuni hawakufika mia mbili, karibu wote watu wa ofisini.

"Nikauliza, mlinzi je? Mpishi? Yule anayekaa mdomoni mwa shimo na kisimu chake cha kitochi, kisicho na intaneti? Wakaniambia atamweleza msimamizi wake, msimamizi ataandika."

Mkuu wa kitengo, Sostenes, mhandisi mpole wa miaka hamsini na ushei, hakuwa na nia mbaya. Mpaka leo anaweza kueleza kwa nini alitaka simu izimwe.

"Simu ilikuwa vurugu," anasema. "Anayemfahamu Mama Nelly anapiga na kuhudumiwa kwanza. Asiyemfahamu anasubiri. Hakuna rekodi ya kuaminika. Nilitaka kila mtu apange foleni moja."

Scolastika hakubishi hilo. "Alisema kweli. Foleni ilihitaji kunyooka. Ila huwezi kunyoosha foleni kwa kuwafungia mlango walio wengi."

Alipinga kwenye kikao, akashindwa. Sostenes alimjibu kwa upole uliomuuma kuliko ukali: "Mama Nelly, toleo hili ulililia mwenyewe." Ikaamuliwa lijaribiwe kwanza kwenye shimo moja, na namba ya dawati inayohudumia shimo hilo izimwe. Likienda vizuri, mkuu wa dawati, yaani Scolastika, atasaini kulikubali, ndipo mgodi mzima uhamie.

Kwenye shimo lile alikuwa akifanya kazi Lusia, mama wa Kizinza aliyehamia kutoka upande wa Chato. Kazi yake ni kuhakikisha kila anayeshuka anagusisha kadi kwenye mashine, na anayepanda anafanya vilevile. Skrini inahesabu walio chini. Ikionyesha hakuna mtu, Lusia anakabidhi ufunguo wa kisanduku cha kulipulia baruti. Isipoonyesha hivyo, hakabidhi.

Wiki ya pili ya majaribio, jioni, msimamizi wa ulipuaji, Ngassa, alifika kuchukua ufunguo. Skrini ilionyesha sifuri. Lusia akaitazama, akaitazama tena.

"Kuna mafundi wawili wa mabomba walishuka baada ya chakula," akamwambia. "Sijawaona wakipanda."

"Mashine inasema hakuna mtu."

"Inasema hivyo hivyo tangu mchana. Nadhani imeganda."

Lusia alitoa kitochi chake na kupiga namba ya dawati aliyoizoea. Haipatikani. Msimamizi wake, ambaye ndiye mwenye akaunti, alikuwa ameitwa Geita mjini kwenye kikao. Ngassa alikuwa na akaunti, akajaribu kuandika taarifa, lakini intaneti pale shimoni ilikuwa ikija na kuondoka. Alikuwa na ratiba mkononi, na zamu iliyokuwa ikisubiri mwamba uvunjwe. Akamwambia Lusia akabidhi ufunguo, lawama atabeba yeye.

"Nikamwambia, kaka Ngassa, lawama utabeba, na hao watu utawabeba?" Lusia anasimulia, akiwa amekunja mikono kifuani. "Nikautia ufunguo ndani ya blauzi. Nikakaa juu ya kisanduku. Nikamwambia leo halipuki kitu hapa."

Alimtuma dereva wa bodaboda aliyekuwa akipita amfuate Mama Nelly. Scolastika alifika akiwa amekaa kiupande kwenye pikipiki, kompyuta mpakato kifuani. Hakuchukua muda kuona tatizo. Mashine ilikuwa imeganda kwenye hesabu ya mchana, saa ambayo watu wote walikuwa wamepanda kula. Tangu hapo kadi zilikuwa zikipokelewa, ila skrini haikuongeza mtu hata mmoja.

Alipoiwasha upya, skrini ikaandika mbili.

"Ngassa alikaa chini," anakumbuka. "Alikaa tu kwenye kokoto. Baadaye wale mafundi wakapanda, wamelowa, wakauliza mbona watu wamejaa, kuna msiba?"

Ngassa mwenyewe hataki kuizungumzia sana siku ile. Anasema jambo moja tu: tangu hapo, akifika shimoni, anamwamkia Lusia kwanza, ingawa amemzidi umri.

Mtu angedhani toleo jipya lingesimamishwa. Haikuwa hivyo. Kwenye kikao kilichofuata uongozi ulisema kasoro imeonekana na dawa ni rahisi: Lusia apewe akaunti na simu janja. Fomu ya makubaliano ikasogezwa mbele ya Scolastika.

Akairudisha katikati ya meza.

"Sisaini," akasema.

Sostenes akamuuliza kama anataka wabaki na mfumo unaokufa.

"Nataka jipya kuliko ninyi nyote humu ndani. Ila silitaki hivi. Lusia mtampa simu. Na mlinzi wa geti la nyuma? Na yule wa pampu, ambako intaneti haijawahi kufika? Rudisheni namba ya simu. Wekeni na ujumbe mfupi wa kawaida, mtu atume hata kwa kitochi. Na la zamani lisizimwe mpaka masika yapite tuone jipya linavyostahimili. Mkifanya hivyo, nasaini hapa hapa nikiwa nimesimama."

Mmoja wa wakubwa akamkumbusha kwamba kiti cha mkuu wa dawati kinaweza kukaliwa na mtu mwingine.

"Nihamisheni," akajibu. "Ila huyo mtakayemleta, mwambieni kwanza kilichotokea shimoni."

Wakamhamisha. Wiki ile ile alipelekwa stoo, kuhesabu helmeti na matairi. Cheo cha meneja msaidizi, alichokuwa ameahidiwa, kikaenda kwa mwingine. Nyumbani mume wake alimuuliza kama jambo hili lina thamani ya kuhatarisha kazi. "Nilimwambia sijui," anasema. "Nilimwambia najua tu kwamba jina langu haliwezi kukaa kwenye karatasi ile."

Kiti chake akapewa kijana wa kitengo hicho hicho, Generosa, aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini. Fomu ikapelekwa kwake. Generosa akaomba siku ya kufikiria, akaenda shimoni, akakaa na Lusia kutwa nzima. Kesho yake akairudisha fomu ikiwa tupu.

"Niliogopa sana," Generosa anasema. "Nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio ya ajira. Lakini nilijiuliza, nikisaini, halafu?"

Huku nyuma watu hawakuacha kumtafuta Mama Nelly. Walinzi, wapishi na madereva wa shimo lile walipata namba yake binafsi na kumpigia akiwa katikati ya matairi. Alisikiliza, akawaelekeza mafundi. Sostenes akaenda stoo kumkataza.

"Nikamwambia, mkuu, shikamoo. Simu hii ni yangu, na vocha nanunua mwenyewe. Unaweza kunizuia nisikae kwenye kile kiti. Kumzuia mtu aseme mashine imeharibika, huwezi."

Sostenes anacheka akikumbuka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Alinichosha yule mama. Nilirudi ofisini nimekasirika. Halafu nikaitazama ripoti ya mwezi kutoka shimo lile. Taarifa zilikuwa zimepungua mno. Wenzangu walifurahi, wakasema toleo jipya limepunguza hitilafu. Mimi nikajua hitilafu ziko pale pale. Zilikuwa zinapigiwa simu stoo."

Ndipo alipowauliza wauzaji kama toleo lile linaweza kupokea ujumbe mfupi wa simu. Wakamjibu kwamba linaweza, na lilikuwa likiweza tangu mwanzo. Hakuna aliyeuliza.

Scolastika alirudi kwenye kontena lake mwanzoni mwa masika. Namba ya simu ilirudi, safari hii kila anayepiga anawekwa kwenye foleni ile ile na wengine, awe anamfahamu au hamfahamu. Ujumbe wa kitochi unaingia na kuwa tiketi wenyewe. Mfumo wa zamani uliachwa ukitembea sambamba mpaka mvua zikakatika. Ndipo aliposaini, akiwa amesimama kama alivyosema.

Cheo hakikurudi. Hakuna aliyemwomba radhi, na hakuna aliyesema alikosea kumpeleka stoo. Akiulizwa kama anasikitika, anavuta pumzi.

"Kile cheo nilikitaka. Nisikudanganye. Nina watoto wawili shuleni. Ila ukinirudisha kwenye kile kikao leo, nairudisha karatasi kama nilivyoirudisha."

Sasa linakuja jambo jingine. Kampuni inafikiria kununua nyongeza ya mfumo: mashine ya kupokea simu badala ya mtu, inayomtaka mpigaji aeleze shida yake na kuiandika yenyewe. Scolastika hajaikataa. Amekubali kuwa kwenye kamati ya kuamua, kwa sharti ambalo lilibishaniwa wiki mbili na kupita: Lusia awe mjumbe, mwenye kura kama wengine.

Yeye mwenyewe ameomba nafasi ya kusoma shahada kwa masafa. Anataka siku moja awe upande wa wanaotengeneza mifumo hii, si wa kuipokea tu ikiwa imeshafungwa kwenye boksi. Lusia, kwa upande wake, ameshaandaa jaribio la kwanza la mashine ya simu. Atamleta shangazi yake kutoka Chato, mzee anayechanganya Kizinza na Kiswahili na asiyependa kukatizwa.

"Ikimwelewa shangazi," Scolastika anasema, akinyoosha mkono kupokea simu nyingine inayoita, "nitakuwa wa kwanza kusaini. Isipomwelewa, wanajua nilivyo."