Injini Niliyoiita Spea

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "spea", hata kama ni kijana wa bodaboda anaulizia cheni, damu inanichemka. Nitaeleza kwa utaratibu, maana hasira yangu haikutoka hewani.

Boti yangu niliinunua kwenye kambi ya watalii iliyofungwa. Ni ndogo, ina kibanda cha kujikinga mvua, na injini yake ya dizeli imefungwa ndani, chini ya mbao za sakafu. Masika yakikolea na barabara ya kwenda kwa mama ikazama, boti hiyo ndiyo njia yetu ya kufika Ifakara. Lakini injini ya ndani ikizima katikati ya Mto Kilombero, mto ndio unaoamua uendako. Kwa hiyo nilitafuta injini ndogo ya petroli, ya kupachika, na fundi akachomelea kikalio cha chuma nyuma ya boti. Unaishusha majini, unaikaza, unavuta kamba, unaondoka. Haina mbio. Kazi yake ni kukutoa kwenye balaa na kukufikisha nchi kavu.

Siku tunaifunga nilimwambia shemeji, mume wa mdogo wangu, ambaye ndiye mwendeshaji wa boti: "Hii ni spea. Itunze."

"Nimekuelewa, dada," akasema.

Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto limeshafunga kabisa, la kulia linaona mwanga na vivuli. Kanisani lilitolewa tangazo kwamba madaktari wa macho wangekuja Ifakara kwa siku moja tu, na watakaopasuliwa ni wale watakaofika asubuhi. Mama alilipokea tangazo lile kama mwaliko wa harusi. Mdogo wangu alikuwa amejifungua miezi michache nyuma, na mama alikuwa akimbeba mjukuu, akimwogesha, akimwimbia, bila kuujua uso wake. "Wananiambia anafanana na mimi," alisema. "Nataka nihakikishe. Watu wa huku waongo."

Tuliondoka kumepambazuka. Tulikuwa mama, mimi, shemeji kwenye usukani, na mfugaji mmoja Msukuma aliyeomba lifti na madumu yake ya maziwa. Mto ulikuwa umejaa, wa rangi ya chai ya maziwa, unashuka na mafungu ya magugu. Tulipokata kona ya pili injini ikaanza kutoa moshi mweupe. Magugu yalikuwa yameziba tundu linalovuta maji ya kuipoza. Shemeji akaizima, akafungua mbao, akachungulia, akatikisa kichwa. Ilikuwa imechemka vibaya mno.

"Shusha ile ya nyuma," nikamwambia. Sikuwa na wasiwasi. Nilijiona mtu mwenye akili.

Akaishusha. Akavuta kamba. Akavuta tena. Ilizunguka kirahisi mno, kama toroli la mtoto. Nikafungua kifuniko. Pale inapokaa plagi palikuwa na tundu, na tundu limezibwa kwa kitambaa, vizuri, kwa unadhifu.

"Plagi iko wapi?"

"Si ipo kwenye pampu ya bustani, dada. Ile ya nyanya ilikuwa inagoma."

"Umetoa plagi kwenye injini ya boti?"

"Wewe mwenyewe ulisema hii ni spea." Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nikaitunza. Nimetoa plagi tu. Vingine vyote vipo."

Yaani kwake spea ni pale unapochomoa kifaa unapokihitaji. Amekulia gereji. Huko pikipiki nzima inaweza kuitwa spea, nayo inaliwa kidogo kidogo hadi inabaki fremu. Mimi nilimaanisha injini ya akiba, yeye akasikia ghala la vipuri.

Yule mfugaji akakohoa. "Na haya majaketi okozi, bwana, nayo ni spea? Usije ukawa umeshatoa sponji ukashonea mito."

Nilikuwa na maneno mdomoni ambayo ningeyatoa yangemfanya aruke mtoni mwenyewe. Lakini mama alikuwa pale, na yule ni mkwe wake. Kwetu humtukani mkwe wa mtu mbele yake. Ni kumvua nguo mama mwenyewe. Nikameza. Nilimeza huku boti inakwenda ubavu, matete yanatupita, na mama anauliza kwa upole, "Tumefika?"

"Bado, mama."

"Mbona kimya?"

"Injini inapumzika."

Tulijisukuma kwa upondo mpaka kwenye matete, tukashikilia. Baadaye sana wavuvi wawili wenye mtumbwi wakatuvuta mpaka gatini. Bodaboda ikambeba mama, nyingine ikanibeba mimi na shemeji. Hospitalini nesi alikuwa anafagia veranda.

"Wameshaondoka, mama. Mchana huu huu."

"Watarudi?" mama akauliza.

"Watarudi."

"Lini, mwanangu?"

"Mtatangaziwa."

Mama akamshukuru. Akamshukuru! Nilitoka nje nikapiga teke ndoo iliyokuwa mlangoni, na maji yakamwagikia viatu vyangu.

Shemeji alikuwa amesimama chini ya ngazi, hajui aweke wapi mikono. Mama alisikia hatua zake. "Mkwe," akamwita, "njoo unishike. Ngazi hizi zinateleza." Huku kwetu mkwe hamshiki mama mkwe mkono, hata kuketi naye mkeka mmoja ni taabu. Akanitazama mimi, kama ninayeweza kumwokoa. Nikageuza uso. Akapanda, akamshika, wakashuka taratibu, yeye akimwambia, "Hapa kuna jiwe, mama. Hapa pana maji."

Tangu siku hiyo ndiye anayemwongoza: kanisani, sokoni, kisimani. Mama hamtaki mtu mwingine. Injini ya kupachika ina plagi mpya, naiwasha mwenyewe kabla ya kila safari. Tangazo la madaktari bado. Na yeye anamwongoza mama vizuri, kwa subira, hajawahi kumwangusha hata mara moja. Hilo nalo linaniudhi.