Dakika Hamsini za Abdinasir

Abdinasir ameendesha lori kati ya Eldoret na Nairobi miaka ishirini na miwili. Kilomita mia tatu na kumi na mbili, saa sita lori likiwa tupu, nane likibeba mahindi. Hesabu hiyo anaikumbuka kuliko siku za kuzaliwa za watoto wake. Kutulia ndiko kunakomshinda. Hata chai huinywa amesimama, na mimi Mukhwana wa teksi, jirani yake hapa mtaa wa Pioneer, Eldoret, nimemtania kwa hilo mpaka nimechoka.

Mama yake alifariki Nairobi alfajiri. Kwao maiti halali hadi kesho; angezikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya adhuhuri, na mwana wa kiume ndiye anayeshuka kaburini kumpokea mama yake na kumlaza. Mama huyo alikuwa na mwana wa kiume mmoja tu.

Binti yake Abdinasir, Ilham, alikata tiketi mbili za ndege ya saa mbili. Dakika hamsini tu, akamwambia, na wako Nairobi. Nikawapeleka uwanjani. Ukungu ulikuwa umetanda hata taa hazionekani vizuri, na ndege ilikuwa haijatua.

Saa mbili ikapita. Abdinasir alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, akarudi, akaenda tena, akitaja mahali ambapo angekuwa kama angeshika barabara: sasa Burnt Forest, sasa Timboroa. Saa tatu akanishika mkono.

"Mukhwana, washa gari."

"Aabo, tungoje," Ilham akamsihi baba yake. "Ikifika ni dakika hamsini tu."

"Dakika hamsini za nini, na hata haijafika? Siwezi kukaa hapa na mama yangu amelala."

Ningemwambia angoje. Nilijua kwamba saa tatu ukiongeza sita unapata saa tisa. Lakini nami nilikuwa nimechoshwa na ukungu ule, nikawasha gari, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Ilham alibaki.

Hatujafika Burnt Forest, simu ikalia. Ukungu umeinuka, Ilham alisema, wanapanda ndege. Kurudi kusingesaidia; ndege isingetungoja. Kuanzia hapo alinihimiza nipite lori hili, nipite na lile, yeye ambaye miaka yote amewatukana wenye magari madogo wanaofanya hivyo. Foleni iliponishika Salgaa, alishuka akatangulia kwa miguu, nami nikamwokota mbele.

Saa tano na nusu Ilham alipiga kusema amefika na anasaidia kumwosha nyanya yake. Saa saba jamaa walisema wanangoja. Saa nane Khalid, mtoto wa dada yake Abdinasir, alipiga kuomba ruhusa ya kushuka kaburini, maana watu walikuwa wamesimama juani muda mrefu. Tulikuwa Naivasha.

"Mlaze wewe," Abdinasir alimwambia, kisha akazima simu.

Tulifika makaburini saa tisa na nusu. Watu walikuwa wameondoka. Khalid peke yake alikuwa amebaki, kanzu imejaa udongo hadi kiunoni. Abdinasir akalitazama tuta lile, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamwona ametulia.

"Kichwa kiko upande gani?" akauliza.

Khalid akamwonyesha.