Kikohozi cha Mtawa

Nyinyi wajukuu mnaonijibu kwa Kiingereza, kaeni msome hili. Juzi kwenye basi la Wembley niliketi karibu na mtawa wa Kibudha, shuka lake likinukia udi, nikajikuta nimerudi utotoni, kule nyumbani Upanga.

Jirani yetu alikuwa mtawa mzee. Alasiri moja aliniambia kwamba mafundisho ya Budha, kabla hayajaandikwa, watawa waligawana kuyahifadhi kichwani: kundi hili hotuba ndefu, kundi lile za wastani. "Mimi nimehifadhi zile ndefu," akasema, kisha akakohoa sana.

Nilidhani bado hazijaandikwa, na amebaki yeye tu anayezijua. Nikaiba tangawizi ya mama, nikampelekea mbio.

"Tafuna, babu. Ukifa zitapotea."

Alicheka mpaka akakohoa tena. "Ziliandikwa zamani, mjukuu wangu. Na tunazisoma wengi pamoja. Mmoja akikosea, wenzake wanamrudisha."

Sasa najua zimo vitabuni, pamoja na sheria za watawa. Lakini dua za mama yangu hazijaandikwa popote. Ninazo mimi tu, na nikikosea hapana wa kunirudisha.

Jioni ile ya juzi niliposhuka basi niliwaamuru nyumba nzima: simu zote juu ya kabati, kaeni hapa, fuatisheni ninavyozisoma dua hizo.