Nilimfuata Mdogo Wangu Ziwani

Kwetu wanyama wa porini si kitu cha kusafiria. Ukipanda basi Arua kwenda Kampala, karibu na Pakwach unawaona tembo dirishani, na nusu ya abiria hawageuki hata kutazama. Kwa hiyo majirani waliposikia naenda hadi kusini, kwenye hifadhi ndogo ya ziwani isiyo na tembo hata mmoja, walinicheka. Sikuwaeleza. Nilikuwa naenda kumchukua mdogo wangu.

Kaburi la mama yetu, kule Kuluba, lilikuwa limeanza kutitia. Kila msimu wa mvua udongo ulishuka, nami nikajaza mwingine. Safari hii wajomba walikuja kutoka Logiri, wakalitazama, wakasema kaburi la dada yao lisakafiwe. Lakini watoto wote watatu wawepo, na kila mmoja amwage karai la zege kwa mikono yake, ndipo mafundi waendelee. Mimi nilikuwapo. Anayenifuata ameolewa Ajia, si mbali. Wa mwisho, wa kiume, alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa miaka minne. Kwenye simu alijibu vilevile kila mara: "Ruhusa ni ngumu, dada."

Mama alipokufa, mtoto huyo alikuwa bado ananyonya. Baba alikuwa ametangulia. Mimi nilikuwa darasa la sita. Wiki ya mazishi nilirudisha vitabu shuleni, na sikurudi tena. Nilimlea kwa uji wa mtama na maziwa ya mbuzi, baadaye kwa cherehani yangu pale Koboko mjini.

Mdogo wangu alinipokea kwenye geti la hifadhi akiwa na sare, amenenepa kidogo. Kazi yake ni kuendesha mashua ya watalii. Kabla sijasema lolote alinivalisha jaketi la boya la rangi ya machungwa.

"Kwanza tembea, dada. Maneno baadaye."

Mashuani mlikuwa na mume na mke kutoka Kenya, pamoja na mkubwa wa kazi wa mdogo wangu, mzee aliyewahi kuwa askari. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, tulichokizoea huku kwetu. Alinishika mkono, akawa hauachii.

"Mama! Kumbe mama yake iko kijana namna hii? Ulizaa ukiwa shuleni?"

Wageni wakacheka. Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa ameinamia injini, anavuta kamba.

"Mimi si..." nikaanza.

"Mama iko mutu ya haya," mdogo wangu akadakia haraka. "Musimusumbue."

Nikaketi. Mashua ikaondoka.

Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye vilima. Pundamilia walisimama ukingoni, migongo imelowa. Viboko walitoa masikio tu, wakapumua, wakazama. Mmoja alipojitokeza mzima, yule Mkenya akamwambia mkewe, "Huyu si kaka yako kabisa?"

"Mwambie mwenyewe kama wewe ni mwanaume," mkewe akajibu, na mzee akacheka hadi akakohoa.

Mdogo wangu alieleza kila kitu vizuri, ndege huyu anakula nini, kiboko anakaa chini ya maji muda gani. Nilijivunia. Lakini kila mzee aliponiita mama, niligeukia maji.

Tuliposhuka, wageni walienda kula. Nikambana mdogo wangu kwa lugha ya nyumbani.

"Umewaambia mimi ni mama yako."

"Niliandika tu. Fomu ya kazi ilitaka jina la mama. Ningeandika nani?"

"Mama yako."

"Sura yake siijui."

"Kwa hiyo huwezi kuomba ruhusa. Utaendaje kusakafia kaburi la mama aliye hai?"

Aliinama kufunga kamba ya mashua. Kusema kweli nilipata nafuu. Kama tatizo lilikuwa fomu, hilo ningeliweza. Nikaenda moja kwa moja kwa mzee na kumwambia kwamba mimi, mama yake, namwomba mwanangu siku tano, kuna kazi ya familia.

"Mama, hiyo si ya kuomba!" akasema. "Hata kesho aende. Mimi kila mwaka nasema, kijana, nenda ona mama yako. Yeye nakataa."

Nilirudi polepole. Mdogo wangu alikuwa anakausha viti vya mashua kwa kitambaa.

"Amekubali," nikasema.

"Najua. Dada, sitakuja."

Niliketi kwenye kiti alichokwisha kukikausha.

"Nimwage zege juu ya nani?" akauliza. "Ninyi wawili mnamlilia mtu mnayemkumbuka. Mimi ulikuwa unanipeleka pale nikiwa mdogo, unaniambia msalimie mama, nami nasalimia udongo. Nilikuwa nachungulia kama umeridhika, ili twende."

Miaka yote hiyo nilidhani anasali.

Nikamwambia haji kwa ajili yake mwenyewe, anakuja kwa ajili ya mama. Akaniuliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Hakuuliza kwa dharau, alitaka kujua. Nikamwambia alikuwa na pengo la jino mbele. Nikamwambia alikuwa akiimba anapopepeta mbegu za simsim. Nilitaka kuendelea, nikakwama. Nilitafuta kingine, nikakuta mambo ya kazi tu: jembe, moto, maji. Alingoja. Mvua ikaanza kudondoka juu ya maji, nasi tukakimbilia kibandani bila kumaliza.

Asubuhi alinisindikiza hadi barabara ya basi. Mzee hakuwapo, wageni hawakuwapo. Alinikabidhi mfuko wangu, akasema, "Safari njema, mama."

Niligeuka kuona nani anatusikia. Barabara ilikuwa tupu.

Tulipovuka Pakwach, mjomba alipiga simu.

"Mko wangapi?"

"Peke yangu. Msimsubiri, anzeni. Mimi nitamwaga makarai mawili."

"Kijana amekataa?"

Abiria wa pembeni alikuwa amelala, mdomo wazi.

"Hapana, mjomba," nikasema. "Mkubwa wake ndiye amemnyima ruhusa. Mtu mkali sana yule."