Mupira Mweupe wa Mbele

Bampa ya kwanza niliyomtengenezea yule dereva ilikuwa nzuri kuliko gari lenyewe. Sisemi hivyo kwa kujisifu, maana uzuri ule ndio ulioniletea taabu. Niliijenga kwa faiba, kitambaa cha nyuzi za kioo juu ya kitambaa, gundi ya rezini katikati, nikaipiga msasa wa maji mpaka kiganja kikawa kinapita bila kukwama popote. Kisha nikaipiga tena. Huo ndio ugonjwa wangu. Kazi ikiisha, bado naiogopa.

Kibanda changu kiko Nchelenge, upande wa Zambia wa ziwa, karibu na mahali wanapovuta boti nchi kavu. Faiba nilijifunza hapo, kwa kutazama watu wanaoziba boti zilizotoboka. Mengine nilijifunza kwenye simu, kwa video za mafundi ambao lugha yao siielewi. Nilitazama mikono yao tu. Hakuna aliyewahi kusimama nyuma yangu akaniambia, "Basi, inatosha." Labda ndiyo maana mpaka leo sijui inatosha lini. Kuna kijana tuliyeanza naye kazi, akaondoka. Siku ya kuondoka aliniambia, "Wewe unapiga msasa hata kivuli." Tangu hapo niko peke yangu, na vumbi la faiba linaloniwasha shingo.

Yule dereva ni Mbemba, mwenyeji wa hapa, mtu mzima, anayebeba chisense, dagaa wa ziwa hili, kutoka Kabuta hadi Mansa, kwa gari dogo jeupe ambalo viti vyake vya nyuma alishaving'oa. Namwita ba tata, kama vijana wa hapa wanavyomwita mtu wa umri wa baba yao. Yeye ananiita mwaice, mdogo. Kiswahili chake ni cha sokoni, changu ni cha Kongo, na tunaelewana hapo katikati. Wateja wengine huniachia kazi na kwenda zao. Yeye aliketi. Aligeuza kreti tupu, akalikalia, akala karanga na kunisimulia jinsi wakwe zake wanavyogombania shamba la mihogo. Nilikuwa nikisikiliza kwa hamu ambayo nilijitahidi isionekane.

Sasa, faiba haijui kupinda. Ukiigonga inapasuka. Bampa ile nzuri ilipasuka kwenye shimo la kwanza la barabara ya Kabuta. Akaja, nikaiziba, akaketi kwenye kreti. Baada ya muda akagonga mbuzi. Akaja tena. Niliiziba polepole mno, na naweza kusema hapa kwamba upole ule haukuwa wa kazi peke yake.

Mara ya tatu hakuketi.

"Mwaice, hii bampa yako iko kama yai," alisema. "Muzuri ya kuangalia, lakini mutu anaogopa kuishika."

"Nitaongeza tabaka, ba tata."

"Utaongeza, utaongeza, mwisho gari itakuwa bampa, na mimi nitatembea kwa miguu." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Niambie kweli. Faiba ao mupira?"

Mupira ndilo jina letu la yuretani. Inapinda kama raba, ikigongwa inabonyea na kurudi. Siwezi kuitengeneza, inanunuliwa ikiwa imeshaumbwa. Ni nzito. Ikichanika, kuiunga ni shida. Ikihifadhiwa imekunjwa, inakauka na mkunjo wake. Rangi ya kawaida haikai juu yake: yenyewe inapinda, rangi haipindi, basi rangi inapasuka. Hayo yote niliyajua. Nilijua pia kwamba kwa barabara ile, na kwa mtu anayekimbia na samaki kabla hawajaharibika, jibu lilikuwa moja tu.

Lakini nilipiga hesabu nyingine. Faiba huvunjika, na kinachovunjika hurudi kwangu. Mupira hauvunjiki. Nikimwambia kweli, kreti lile litabaki tupu, nami nitabaki na redio ya jirani. Nilisimama na kipande cha msasa mkononi, najiuliza kama ushauri wangu wote wa siku zilizopita ulikuwa wa fundi au wa mtu aliyechoka kukaa peke yake. Nilisikia aibu hadi masikioni.

"Mupira, ba tata," nilisema.

"Njo vile," alikubali. "Tafuta, mwaice. Mimi nitapita na gari hivi hivi, bila bampa, bila meno."

Dada yangu mkubwa anakaa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Tuliachana wakati wa kukimbia vita. Mimi nilifika kambi ya wakimbizi ya Mantapala na watu wengine, yeye akabaki na mumewe. Nilikuwa bado sijaanza kunyoa. Siku hizi simu yake haipatikani, na habari zetu hubebwa na watu wa boti. Jirani yake huleta vipuri vya gari kutoka Lubumbashi kwa kamyo. Basi nilimtafuta mama mmoja anayevuka kuuza chisense kavu, nikampa ujumbe: dada anitafutie mupira mweupe wa mbele. Usiwe na ufa hata mdogo. Na njiani usikunjwe, tafadhali, usikunjwe kabisa.

"Mupira mweupe, wa mbele, bila kukunja," alirudia mama.

Nilimkaririsha mara nyingi mpaka akanuna. "Mimi si mutoto," alisema.

Nilingoja. Kila boti ilipotia nanga nilisimama kana kwamba nanyoosha mgongo. Nilifikiria ufa. Nilifikiria mkunjo. Niliwaza hata weupe wenyewe, kwa sababu weupe una aina nyingi, nami sikutaja aina. Ba tata alipita na gari lake lisilo na meno, akapiga honi, hakusimama. Hakuwa na sababu ya kusimama.

Mama alipotokea, hakuwa na mzigo mkubwa. Alishika fimbo kama mtu aliyebeba bendera, na juu ya fimbo ilining'inia sweta nyeupe ya kusokotwa, yenye vifungo mbele kutoka shingoni hadi chini.

Nilielewa kabla hajafungua mdomo. Kwetu Kongo mupira ni raba, na sweta pia ni mupira. Nilikuwa nimetaja ufa, mkunjo na rangi. Gari sikulitaja.

"Dada yako alihangaika!" alisema mama. "Alizunguka soko yote. Zote ziko za kuvalia kichwani, na wewe ulisema ya kufunguka mbele. Na mimi sikukunja, angalia! Kwa boti banaume walinichekelea: mama, iyo nguo inaenda kubatizwa?"

"Asante, mama."

"Alilia, unajua. Alisema: kama baridi inamutesa kule Zambia, kwa nini hakusema?"

Sikumwambia kwamba niliagiza bampa. Niliivaa pale pale, jua likiwaka, huku akinitazama. Mabegani ilikaa vizuri. Mikono iliishia mbali na viganja. Dada yangu alikuwa amepima mkono anaoukumbuka.

Nilikuwa bado nimeivaa ba tata aliposimamisha gari. Alishuka, akanizunguka.

"Mwaice, unaoa?"

"Hapana, ba tata. Ni mupira wako. Umefika."

Nilimweleza yote. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari, akafuta machozi, akanishika mkono wa sweta na kuuvuta kama anayetaka kuurefusha. Kisha akasema kesho anakwenda Mansa, huko kuna mtu anayeuza vipuri vilivyotumika. "Ao unitengenezee faiba ingine? Sema tu. Mimi nitavumilia."

Alisema kwa wema, na wema ule ndio ulionitia majaribuni kabisa. Kreti lilikuwa pale. Hata karanga alikuwa nazo mfukoni, nilizisikia.

"Nunua huko," nilisema. "Barabara yako inataka mupira."

Alirudi na bampa nyeusi iliyolala chini ya magunia mpaka ikajipinda kama mdomo wa mtu anayelalamika. Niliimwagia maji ya moto, nikaifunga kwenye ubao, nikaianika juani, ikakubali kunyooka, isipokuwa pembe moja. Kile kinacholainisha rangi ya kupaka kwenye mupira sikuwa nacho. Ningepaka nyeupe ya kawaida ingependeza hadi kwenye shimo la kwanza. Nikaiacha nyeusi. Nilipoifunga kwenye gari jeupe nilitamani kufumba macho.

"Inafanana na mutu mwenye ndevu," alisema ba tata, akaupiga mupira teke. Ulibonyea, ukarudi. Akaupiga tena, kwa furaha. Alikula karanga mpaka zikaisha, akaenda.

Mama wa chisense alipovuka tena, nilimpa samaki wa kupeleka kwa dada yangu, na maneno. Nilikuwa nimeyaandaa marefu, pamoja na neno parashoki, yaani bampa, ambalo kule Kilwa lingemaliza ubishi wote. Mwishowe nikamwambia hivi: mwambie mupira umefika bila kukunjwa, na umenienea.

Asubuhi upepo wa ziwani ukiwa mkali huivaa ile sweta kazini. Ina tone la rezini kifuani, limekauka, nimeliacha. Gari jeupe hupita kuelekea Mansa, pembe moja ya ndevu zake imeinuka, na kila ninapoiona vidole vinaniwasha. Honi inalia. Nainua mkono wenye sweta fupi, na gari halisimami.